Mwaka Tuliopima Ufuo

Agosti iliyopita Makena alituita nyumbani kwake Makutano, mimi na Nkatha, tule mukimo wa viazi na mahindi na kumshukuru Mungu kwa mguu wake uliokuwa umevunjika na sasa umepona. Sisi watatu tumevuka hamsini. Makena anauza rangi na misumari katika duka linalotazama barabara. Nkatha ni muuguzi aliyestaafu mapema. Mimi nafundisha biolojia katika chuo cha walimu. Tulipomaliza kula, malori yakiendelea kupiga honi huko chini, Makena aliuweka ule mguu juu ya stuli akasema, “Wawira, wewe ndiye mtu wa vitabu. Andika ile mambo ya bahari kabla hatujaanza kuisahau kwa zamu.” Nkatha akadakia, “Na aandike ukweli. Aandike ni nani aliacha kitabu.” Nikasema ni mimi niliyekiacha, na kwamba sijawahi kukana. “Hata kama hujakana,” akasema Nkatha, “iandikwe.” Basi inaandikwa. Sitaeleza habari za kwetu Kanja, wala jinsi mimi, binti wa Embu, nilivyofika shule ya bweni karibu na Nkubu. Yatosha kusema kwamba mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, sijawahi kuona maji mengi kuliko ya mto, na nilikuwa na hakika kwamba najua kila kitu ambacho maji yanaweza kufanya.

Chumba chetu cha sayansi kilikuwa na mabenchi manne na sinki isiyokuwa na bomba. Muhula wa kwanza aliingia humo Mwalimu Zuhura, aliyeletwa kwetu kutoka pwani ya kusini, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na aliyetamka Kiswahili kana kwamba kila neno limeoshwa kwanza. Sisi tulizungumza kile cha kwetu, kilichochanganyika na Kimeru na Kiembu, na tulipomwambia “hii maji ni baridi” alifumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa na jino. Alipofika kwenye somo la viumbe wa ufuoni hakutaka tukariri. Aliagiza karai kubwa kutoka jikoni, akatutuma mto Thingithu kuleta mchanga, akamwaga chumvi ya mpishi ndani ya maji, kisha akaanza kuliinua karai upande mmoja kwa tofali na kulishusha. Maji yakapanda juu ya mchanga, yakateremka. “Huku ni kujaa,” akasema. “Huku ni kupwa. Mara mbili kwa siku, na hakuna anayeyaomba.” Makena akainua mkono. “Sasa Mwalimu, ile karai ya kweli inainuliwa na nani?” Mwalimu akajibu kwamba ni mwezi, kwa sehemu kubwa, na jua likiusaidia. Darasa zima lilicheka hadi mpishi akachungulia dirishani kuona karai lake limepatwa na nini. Tuliandika jibu hilo katika madaftari, tukalipigia mstari kwa rula, na kwenye mtihani wa mwisho wa muhula nilipata alama zote. Nasema hivi ili msomaji asije akafikiri kwamba hatukufundishwa.

Ni yeye aliyekwenda kwa Sista Benedeta, mkuu wa shule, kuomba wanafunzi watatu awapeleke likizoni hadi kijijini kwao wakaupime ufuo kwa kamba. Maongezi hayo tuliyasikia sote watatu, kwa kuwa tulikuwa tumepewa kazi ya kupiga sakafu ya veranda nta, na hakuna aliyewahi kuipiga polepole kama sisi siku ile. Sista alisema kwamba mwenyekiti wa wazazi, Mzee M'Ikiara, amekwisha kuuliza kama wasichana wa mlimani wanapelekwa kujifunza biolojia au kuogelea. Mwalimu akasema, “Watahesabu, Sista. Siku nne, kila siku maji yakipwa. Na siku ya wazazi watasimama wasome walichokihesabu.” Kisha Sista akatoa sharti lake: hesabu ikiwa ya maana, darasa la biolojia litakwenda kila mwaka, ikiwa ni upuuzi, hakutakuwa na safari nyingine, na Mwalimu atafundisha kwa ubao na chaki kama wenzake. “Waandike jina langu juu ya karatasi,” akasema Mwalimu. Nkatha, akiwa amepiga magoti na kitambaa mkononi, alininong'oneza, “Huyu mama ametuweka rehani.”

Huko pwani, nyumba ya mama yake Mwalimu, Bi Fatuma, ilikuwa na vyumba vitatu vyenye kuta za matumbawe na ua wa makuti, na kati ya ua huo na bahari palikuwa na minazi minene hivi kwamba tulisikia mawimbi bila kuyaona. Tulikuwa tumemchukulia zawadi ya majani ya chai na kikapu cha nduma, yale magimbi ya kwetu. Bi Fatuma alizigeuza zile nduma mkononi, akanusa, akazimenya na kuzitia tui la nazi. Zilipopakuliwa Makena alizitazama muda mrefu. “Nduma imevaa kanzu,” akasema, na Bi Fatuma, aliyekuwa bado anachota mchuzi, alicheka mpaka mwiko ukamwanguka. Tangu hapo alimwita Makena “mke mwenzangu” na kumpa sehemu kubwa ya kila kitu, hata ya pweza, ambaye Nkatha alimla amefumba macho akiomba kimoyomoyo. Nimekula katika hoteli nyingi tangu wakati huo, katika mikutano yenye vitambaa vyeupe mezani, na bado nikisikia harufu ya tui linalochemka huwa nauona ule mkeka, ile sinia, na mikono minne mitano ikikutana katikati.

Asubuhi ya kwanza, saa nne, Mwalimu alitupitisha kwenye minazi, na bahari haikuwapo. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi: nchi tambarare iliyolowa, inayong'aa, imekwenda mbele mpaka kwenye mstari mweupe wa mwamba. Mwalimu alivua viatu. Tulipigilia kijiti cha kwanza pale nyasi zinapoishia, tukafunga kamba, tukateremka nayo mita mia moja, tukipigilia kijiti kila mita kumi. Na kwenye kila kijiti tuliweka fremu ya mraba ya fito na kuhesabu kila kilichomo. Nkatha alihesabu, Makena alibeba fremu na ndoo, mimi niliandika. Juu kulikuwa na kaa weupe wepesi ambao macho yao yamesimama kama pini. Katikati, tondo, konokono wadogo wa baharini, waliojibana juu ya mawe, wamefunga milango yao wakingojea. Chini zaidi mwani, jongoo wa bahari walionenepa kwa uvivu, na viti vya pweza, vile viumbe vyenye mikono mitano, vikiwa vimelala kwenye vidimbwi vyenye joto la maji ya kuogea mtoto. Nilikuwa nimedhani ufuo ni ukingo tu, mahali pa kusimama ukitazama kitu kingine. Sasa niliona kwamba ni mtaa, una wenye nyumba na wapangaji, na kila mmoja anajua ni saa ngapi anaweza kukaa nje bila kukauka na saa ngapi anaweza kukaa chini bila kuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sikumbuki kama kuna siku nyingine niliyofurahi hivyo bila kujua kuwa nimefurahi.

Saa sita Mwalimu alitutoa, akang'oa vijiti vyote, akatupandisha nyumbani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Alasiri tulikaa ndani tukijumlisha hesabu kitabuni, na jioni, karibu saa kumi na mbili, tulishuka kutazama: maji yalikuwa yamefika katikati ya ufuo, kwenye jiwe moja kubwa bapa. Tuliyatazama kwa heshima tukaafikiana kwamba hapo ndipo mwisho wake. Siku ya tatu, Jumamosi, Mwalimu alikwenda kwenye matanga ya jirani, akatuambia tufanye kazi peke yetu kama tulivyozoea. Tulifanya vizuri kuliko siku zote. Saa sita tulipoitwa kula, tukatazama vijiti kumi na kimoja vimesimama kwenye mstari ulionyooka kama mpaka wa shamba, na kung'oa kitu kizuri namna hiyo tukaona ni dhambi.

“Mwalimu huwa anang'oa kwa sababu gani?” akauliza Nkatha.

“Wezi,” akasema Makena. “Lakini mpaka ni mpaka. Nani anaweza kung'oa mpaka wa mtu? Si atalaaniwa?”

Kwetu, iwe Embu au Meru, mmea uliopandwa mpakani hauguswi. Ndugu wanaweza kunyimana salamu miaka ishirini, lakini hakuna atakayenyoosha mkono kuung'oa. Hoja hiyo ilitutosha. Kitabu chenye hesabu zetu zote nilikiweka juu kabisa ya lile jiwe bapa, hatua kadhaa juu ya pale tulipoona maji yakiishia jioni, nikakikandamiza kwa jiwe jingine ili upepo usikichukue. Kisha Makena akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu hulifanya kabla ya kuacha nguo kwenye mawe ya mto: aliinua uso akatazama juu, kuelekea ndani ya nchi, mahali ambapo mlima ungekuwa. “Hakuna wingu hata moja,” akasema. “Haitajaa.” Na mimi, niliyepata alama zote, nilitazama mbingu ile nyeupe, nikaridhika. Mto hufurika mvua ikinyesha juu. Mvua haijanyesha, maji yatatoka wapi?

Tulikula wali na maharagwe ya nazi, tukalala kidogo kwenye mkeka, tukaamka na kubishana kama jongoo wa bahari ana uso. Tulishuka saa kumi kasorobo. Bahari ilikuwa kwenye nyasi. Hapakuwa na ufuo, hapakuwa na jiwe, hapakuwa na kijiti hata kimoja. Maji ya kijani yalikuwa yakipumua taratibu kwenye mizizi ya minazi, chini ya jua kali, bila tone la mvua. Nkatha alikaa chini. Makena alisimama mikono kiunoni, akaishutumu bahari kwa sauti kubwa, kwa Kimeru kwanza, kisha kwa Kiswahili ili ielewe: “Wewe hauna adabu! Unang'oa mpaka mchana kweupe!” Mimi niliingia mpaka kifuani, na gauni la shule, nikipapasa kwa miguu kutafuta jiwe, mpaka sauti nyuma yangu ikasema, “Toka humo, mwanangu. Hujui kuogelea, na kitabu hakijui kurudi.” Alikuwa Bi Fatuma. Hakutukemea. Alituuliza tu mwezi una siku ngapi leo, na tulipotazamana akatikisa kichwa, kana kwamba amekutana na watu wazima wasiojua majina ya mama zao. Bamvua imeanza, akatueleza. Mwezi unakaribia kujaa, na siku hizo bahari huenda mbali na kurudi kwa nguvu zaidi, kila siku kupita jana. Jioni tuliyaona maji yakiwa njiani kuondoka, nasi tukadhani yamefika.

Mwalimu Zuhura alirudi jioni akiwa amevaa buibui la matanga. Nilimweleza mimi, nimesimama, nywele zimekauka kwa chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. “Siku tatu?” akauliza. Nikasema zote. Akakaa kwenye kigoda. “Nilipowaonyesha karai, mlielewa?” “Tulielewa Mwalimu,” nikasema, na ni kweli, tulielewa kwa mtihani, miguu yetu ilikuwa bado ya mtoni. Gari letu lingeondoka Jumapili saa nane. Kulikuwa kumebaki kupwa kumoja tu, kesho yake, na sisi watatu, kwa fremu moja, tulipata mraba mmoja tu kwa kila kijiti, hesabu ndogo mno kwa siku moja. Aidha Sista alikuwa ameagiza kwamba Jumapili tusikose misa. Hapo ndipo Nkatha alipouliza kama akina mama wa hapa hawalimiani. Bi Fatuma hakuelewa. Nkatha akaeleza: kwetu, palizi ikimzidi mama mmoja, wanakuja wote, wanasimama kwenye mstari mmoja juu ya shamba, kila mmoja na mistari yake, na wanateremka pamoja, hakuna kuachana. Leo kwako, kesho kwangu. Bi Fatuma alifikiri. “Na kesho yangu mimi itakuwa ipi?” akauliza. Makena akajibu papo hapo, “Mke mwenza, wewe kuja Nkubu, tutakulimia mpaka ukimbie.”

Walikuja wanawake sita, wale wanaofuata maji kila bamvua kutafuta pweza, kanga zimefungwa juu ya magoti, wakicheka tangu kwenye minazi. Walisimama bega kwa bega kwenye nyasi, bahari ikiwa bado juu ya mawe ya katikati, nasi tukateremka jinsi ilivyoteremka yenyewe, hatua kwa hatua, kila mmoja akiwa na fremu yake. Fremu hizo na vijiti vipya tulikuwa tumevitengeneza usiku. Walichokiona walikitaja kwa kelele, majina ambayo sijawahi kuyasikia, na Mwalimu Zuhura alikuwa akisimama kati yao na mimi akinipa majina ya vitabuni. “Tondo saba!” “Hapa hakuna kitu.” “Kitu kipo, ona chini ya jiwe. Huyo ni mgeni wa nani?” “Andika sifuri, mwanangu, usione haya, sifuri nayo ni mtu.” Walimtania Makena kwa jinsi alivyokuwa akiruka kila kaa alipotikisika; naye aliwaambia kwamba kwao mnyama akiwa na miguu minane huwa ni wanyama wawili. Tulimaliza kamba nzima kabla ya saa sita, na kabla hatujatoa kijiti cha mwisho Bi Fatuma mwenyewe alinionyesha mfereji mdogo nyuma yetu, ambamo maji yalikuwa yameanza kurudi kimya kimya, yakitangulia kabla ya mawimbi. Nilisimama nikayaangalia yakiuzunguka wayo wangu. Wingu halikuwapo.

Muhula wa tatu ulinikuta na karatasi moja ya Jumapili na aibu ya siku tatu. Tulikuwa tumeahidi siku nne. Makena aliikumbuka hesabu ya Alhamisi, Nkatha nusu ya Ijumaa, na mimi, niliyeandika yote kwa mkono wangu, nilidhani nakumbuka kila kitu. Basi nilikaa kitandani bwenini nikaziandika upya siku zile tatu. Zilitoka nzuri mno. Tondo walipungua kwa mpango, kaa waliongezeka kwa mpango, hapakuwa na sifuri hata moja mahali pasipofaa. Kando ya karatasi hiyo mpya nikaiweka ile ya Jumapili, yenye madoa ya chumvi, yenye mraba mmoja wa katikati usio na kitu na jirani yake wenye tondo arobaini na moja. Nilimpelekea Mwalimu zote mbili. Alisoma ile safi. “Hii uliiona au uliikumbuka?” Nikasema niliikumbuka. Akanirudishia zote. “Jina langu liko juu. Utakayoisoma wewe, ndiyo yangu.” Nimeandika taarifa nyingi tangu siku hiyo, na hata sasa ninapoandika haya najua kwamba kumbukumbu yangu hupanga vitu ili vipendeze, lakini hapa hakuna safari ya mtu inayonitegemea.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa hadi milangoni: akina mama wenye vitambaa vipya vya kichwa, wazee wenye makoti, harufu ya mvua na ya pilau iliyokuwa ikingoja nje. Nilisimama mbele, karatasi mbili mkononi, Sista Benedeta kulia, Mzee M'Ikiara na fimbo yake safu ya kwanza. Nilisoma kichwa cha habari na jina la Mwalimu Zuhura. Kisha nikaiona ile karatasi safi jinsi ilivyokuwa safi, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. “Tuliahidi siku nne,” nikasema. “Tunayo moja. Siku tatu zilichukuliwa na bahari kwa sababu niliacha kitabu juu ya jiwe. Na hiyo moja tuliipata Jumapili, kwa hiyo hatukwenda misa.” Mguno ukapita bwalo zima. Sista hakugeuka. “Hilo la misa utamweleza Padre, si wazazi,” akasema. “Endelea.”

Lakini kabla sijaendelea Mzee M'Ikiara aliinua fimbo. “Ngoja kwanza, msichana. Hiyo mvua ilinyesha wapi?”

“Haikunyesha, Mzee.”

“Hata juu?”

“Hata juu. Tulitazama. Hakukuwa na wingu.”

Uso wake ulikunjamana kwa kazi ya kufikiri. Nyuma yake niliona wazee wengine wakiinamiana na kunong'ona. “Sasa,” akasema polepole, “hiyo maji ilitoka wapi?” Hakuna aliyecheka. Nikaelewa kwamba katika bwalo lile lote hakuna hata mmoja ambaye asingekiweka kitabu pale pale nilipokiweka mimi. Nikaachana na karatasi. Niliwaambia juu ya mwezi, na bamvua, na wanawake sita waliotulimia bahari kama shamba, nikawasomea miraba mmoja mmoja, sifuri na yote, na nilipofika kwenye tondo wanaofunga mlango wakisubiri maji yarudi, mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, “Kama sisi na mvua ya Machi!” na bwalo likaangua kicheko. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilioruhusiwa. Mikono yangu nilikuta inaonyesha karai lisilokuwapo likiinuka na kushuka.

Nilipomaliza, Sista Benedeta alimtazama Mzee M'Ikiara, na Mzee M'Ikiara alimtazama Mwalimu Zuhura, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa benchi na sweta zake mbili. “Mwalimu,” akasema mzee, “mwaka ujao hawa waende wengi. Watatu ni wachache, wanasahau vitu.” Sista akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu anayetia muhuri. Mzee alianza kukaa, kisha akasimama tena, akanielekezea fimbo, lakini safari hii kwa upole, kama anayemwuliza mtu habari za jamaa aliye mbali.

“Na saa hii? Saa hii tukiongea hapa, hiyo maji iko wapi?”

Jana yake tulikuwa tumeuona mwezi mpevu juu ya miti ya kahawa, kama wa siku zile za bamvua. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Nilihesabu kichwani, mara mbili, kwa sababu nilitaka jibu liwe kweli.

“Saa hii inapanda, Mzee.”